Mahakama imesema, lakini imesema kwa nani?

(Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama, Baraka, Novemba 2025. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Mlituomba tueleze jambo ambalo mwaka huu mzima limeingia katika mazungumzo yetu bila kualikwa. Raisi wa Marekani anasema hivi, jaji anasema vile, kesho yake jaji mwingine anageuza. Kila redio ikitangaza kwamba mahakama imemzuia Trump, simu zetu zinalia. Mama anauliza kama dada yake aliyebaki Nyarugusu atapanda ndege sasa. Mtunza sanduku anauliza kama feza ya kazi tuliyoimaliza itaingia. Na tangu mwezi wa tisa kuna kitu kibaya zaidi: ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp, wenye muhuri wa tai, unaosema mahakama imefungua tena safari za wakimbizi, na kwamba familia itoe dola 50 za dosie ili iwekwe kwenye orodha. Tunajua kuna waliotoa. Njo maana tumekubali kusimama hapa.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Raisi Trump alitia saini amri nyingi. Mbili zilitugusa huku moja kwa moja. Ya kwanza ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ya pili ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Tarehe 24 barua zikatumwa kwa mashirika: simamisheni kazi. Mnakumbuka ilikuwa juma gani kwetu Kivu. Goma ilikuwa inaanguka, watu wako barabarani, na wakati huohuo magari ya misaada yanaambiwa yazime mota. Mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya feza ya msaada wa dharura katika Congo ilikuwa imetoka Marekani. Mtu akikata asilimia 70 ya kitu, kinachobaki hakistahili tena kuitwa kwa jina lilelile.

Basi swali ambalo watu wengi wanatuuliza ni hili: Raisi ana nguvu ya kufanya hivyo peke yake?

Hapa tutumie sanduku letu la AVEC, maana kila mmoja analijua. Lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, ili mtu mmoja asiamke usiku akalifungua. Watu wa Marekani nao waliandika katiba yao kwa woga wa namna hiyo. Bunge lao, yaani Kongresi, ndilo linaamua feza itumike kwa nini. Raisi ndiye anatekeleza. Mahakama inaamua kama sheria imefuatwa. Lakini mfano wetu unafika mahali unakatika, na pale unapokatika ndipo penye jambo lenyewe: mahakama haina funguo. Ina kitabu cha kanuni na ina sauti, basi. Haina askari wa kupeleka mahali. Hata wale maofisa wanaotekeleza amri za mahakama, ofisi yao iko chini ya wizara ya sheria, na wizara iko chini ya Raisi. Mahakama inaishi kwa sababu watu wamezoea kuitii.

Mazoea hayo yana historia, na si ya juzi. Mwaka 1952, wakati wa vita ya Korea, Raisi Truman aliona wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanataka kugoma. Akaamuru serikali ivichukue viwanda hivyo, akisema jeshi linahitaji chuma. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Mahakama ya Juu ikasema, majaji 6 kwa 3: Kongresi haikukupa nguvu hiyo. Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na Truman au na Roosevelt aliyemtangulia, wa chama chake, na kati ya wale wanne aliowaweka yeye mwenyewe, wawili walimpinga. Truman alikasirika, lakini alirudisha viwanda. Mwaka 1974 Nixon aliambiwa na majaji 8 kwa 0 atoe kanda za sauti zilizorekodiwa ofisini mwake. Akazitoa, na mbele ya wiki tatu kuisha alikuwa amejiuzulu.

Tunataja hayo kwa sababu huku kwetu watu wanasemaga haraka: “Majaji ni wa Raisi, watamfuata.” Tunaelewa usemi huo unatoka wapi. Mahakama yetu ya Katiba ya Kinshasa ina majaji tisa pia, na kila mtu hapa ana maoni yake juu yao. Lakini kwa Marekani, kusema hivyo tu kutakufanya usome habari vibaya. Majaji wa serikali ya taifa wakishateuliwa na Raisi na kukubaliwa na Seneti, wanakaa mpaka wafe au wajiuzulu wenyewe, isipokuwa Kongresi iwaondoe kwa kosa kubwa. Hawana cha kumwomba aliyewaweka. Mara nyingine wanamfuata, mara nyingine hapana. Mwaka huu tumeona yote mawili, katika kesi moja.

Kesi hiyo ni ile ya misaada, na tunaomba mvumilie tuitembelee taratibu, maana njo inayohusu sanduku.

Mashirika yaliyokuwa na mikataba yalikwenda mahakamani Washington. Tarehe 13 Februari jaji Amir Ali alitoa amri ya muda: msisimamishe hivi kwa jumla, lipeni. Siku zikapita, malipo hayatoki. Tarehe 25 akaweka saa: lipeni kazi iliyokwisha fanyika, mwisho ni kesho usiku. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu. Tarehe 5 Machi majaji watano dhidi ya wanne walikataa kumwokoa Raisi. Katika wale watano alikuwemo jaji mkuu Roberts, aliyewekwa na Bush, na Barrett, aliyewekwa na Trump mwenyewe. Feza iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa karibu miliari 2 za dola, au bilioni 2 kama tulivyozoea kusema tulipokuwa Tanzania.

Siku ile watu walishangilia. Wengine katika chama hiki walishangilia, tuliwasikia! Lakini tusome tena amri ilisema nini. Ilisema: kazi iliyokwisha fanyika ilipwe. Haikusema miradi irudi. Na wakati mawakili wanabishana juu ya saa za malipo, serikali ilikuwa inapitia mikataba mmoja mmoja na kuifuta. Tarehe 10 Machi waziri Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Siku hiyohiyo jaji Ali alitoa uamuzi mrefu zaidi, akasema feza iliyopangwa na Kongresi lazima itumike, lakini naye hakuamuru mikataba iliyofutwa irudishwe. Yaani mashirika yalishinda, kisha yakatoka mahakamani na hukumu mkononi na ofisi zimefungwa. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kuendesha misaada, kilichobaki kikahamishiwa wizara ya mambo ya nje.

Kuna jambo lingine ambalo mawakili hawalisemi kwenye televisheni. Amri ya jaji inamfikia mwenye mkataba na serikali. Huyo ni shirika kubwa, mara nyingi lenye ofisi Washington au mahali pengine mbali. Chini yake kuna shirika la kimataifa lililo Bukavu au Kinshasa. Chini ya hilo kuna shirika la hapa. Chini kabisa kuna chama kama hiki, kilichochimba visima viwili au kugawa mbegu, kikiwa na karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa kijani. Feza inashuka ngazi hizo zote, na kila ngazi ina madeni yake. Mahakama ya Juu haijui kama sisi tupo. Hatusemi hivyo kwa kulalamika, tunasema ili mtunza sanduku ajue anangoja kwenye mstari gani.

Mwezi wa nane mambo yakageuka. Tarehe 13 Agosti mahakama ya rufaa ya Washington, majaji wawili kwa mmoja, ilisema mashirika hayana haki ya kufungua kesi kuhusu feza ambayo Raisi amekataa kuitumia. Mwenye haki hiyo kwa sheria ya 1974, walisema, ni mkaguzi mkuu wa hesabu wa Kongresi. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya Nixon, aliyezoea kuzuia feza ya programu asizozipenda. Sasa sheria iliyotungwa ili kumfunga Raisi imesomwa kwa namna ya kuwazuia wanaoumizwa wasimshitaki. Sisi tunaona usomaji huo ni mwembamba mno. Jaji mmoja wa palepale naye hakukubaliana na wenzake.

Halafu likaja lile la mwisho wa Agosti. Tusikilizane vizuri hapa.

Mwaka wa bajeti wa Marekani unaisha tarehe 30 Septemba. Sheria ile ya 1974 inamruhusu Raisi kuiomba Kongresi ifute matumizi fulani, na akishaomba anaweza kushikilia feza siku 45 wakati Kongresi inafikiri. Raisi Trump alipeleka ombi la kufuta miliari 4.9 za misaada ya nje zikiwa zimebaki siku kama thelathini mwaka kuisha. Hesabu ifanyeni wenyewe. Kongresi haihitaji hata kukataa. Ikinyamaza tu, mwaka unaisha na feza inakufa.

Ni kama mwenye funguo wa AVEC. Mkutano wote ulikubali mwezi wa kwanza kwamba dola 100 zitawaendea wajane. Yeye hazitoi. Siku tano mbele ya kugawa sanduku anasema: “Ninaomba mkutano ufikirie upya.” Wanachama wako mashambani, ni wakati wa mihogo. Siku ya kugawa inafika, na kanuni inasema kisichotolewa katika mzunguko huu hakitolewi tena. Amevunja kanuni? Atakuonyesha ukurasa. Lakini kila mama hapa anajua amefanya nini.

Jaji Ali aliamuru tena: itumieni. Serikali ikapanda tena Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Septemba, safari hii, majaji sita walikuwa upande wa Raisi na watatu walipinga. Walimruhusu kushikilia karibu miliari 4. Hawakusema kwamba Raisi ana haki ya kufanya hivyo siku zote. Walisema anaweza kushikilia wakati kesi inaendelea, kwamba inaonekana mashirika hayakuwa na mlango wa kushitaki, na kwamba mambo ya nje ni eneo la Raisi. Uamuzi wa muda, basi. Lakini siku nne baadaye ilikuwa tarehe 30 Septemba. Uamuzi wa muda juu ya kitu kinachooza siku ya nne ni uamuzi wa mwisho, hata ukiitwa jina gani.

Wengi wanatafuta siku ambayo Trump atakaidi mahakama waziwazi, na wanasema siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Sisi tunaogopa hii nyingine, ambayo haina kelele. Raisi anakwenda mahakamani, anatuma mawakili wenye suti, anakata rufaa, anasubiri. Saa iko mkononi mwake. Anashindwa Februari, anashindwa Machi, na Septemba hakuna tena cha kugombania.

Sasa tuje kwa wakimbizi, ambako wengi wenu mna damu yenu.

Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi kama 100,000, na nchi iliyotoa wengi kuliko zote ilikuwa hii yetu, karibu watu 20,000. Ndiyo sababu amri ya Januari ilisikika Nyarugusu na Baraka kuliko mahali pengi duniani. Watu walikuwa wameuza vitu, wengine walikuwa na tarehe ya ndege. Wakimbizi na mashirika yanayowapokea walifungua kesi Seattle. Tarehe 25 Februari jaji Jamal Whitehead alisimamisha amri ya Raisi, akisema nguvu yake juu ya wakimbizi ni kubwa lakini ina mipaka, hawezi kuua mpango ambao Kongresi iliuweka kwa sheria ya 1980. Redio zikatangaza. Simu zikalia.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Machi, mahakama ya rufaa iliupunguza uamuzi huo sana. Kwa walio wengi, usimamisho uliendelea. Kinga ikabaki kwa kundi dogo, wale waliokuwa wamekubaliwa mbele ya tarehe 20 Januari, na kundi hilo nalo likabishaniwa na kupungua zaidi. Majaji wa rufaa hawakulitoa hilo hewani. Mwaka 2018, katika kesi ya marufuku ya kuingia Marekani, Mahakama ya Juu ilikwisha kusema, watano kwa wanne, kwamba sheria inampa Raisi nafasi pana sana kuamua mgeni gani aingie. Hapo mlango ulikuwa tayari wazi.

Na kuna jambo ambalo hakuna jaji anayeweza kuligusa kwa urahisi: idadi. Kwa sheria ileile ya 1980, Raisi anaweka kila mwaka kiwango cha juu cha wakimbizi, baada ya kushauriana na Kongresi. Mtangulizi wake aliweka 125,000. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu ilitangazwa kwamba kwa mwaka wa 2026 ni 7,500, kiwango kidogo kuliko vyote tangu sheria itungwe, na nafasi nyingi zimewekewa Waafrikana, yaani wazungu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo hata kesi ya Seattle ikishinda kesho asubuhi, watu wa dunia nzima watagombania kilichobaki ndani ya 7,500. Inauma kuisema mbele ya mtu mwenye mama yake kambini. Lakini afadhali aisikie kwetu kuliko kwa mwenye muhuri wa tai.

Mwezi wa sita mlisikia pia kwamba “Congo imefungiwa Marekani”. Congo iliyowekwa kwenye ile orodha ya nchi 12 ni ya Brazzaville. Yetu haikuwemo. Burundi iliwekwa kwenye orodha ya pili, ya nchi saba zenye vizuizi vya sehemu. Mwenye ndugu Bujumbura hiyo inamhusu.

Kijana mmoja ameuliza hapa: mbona jaji mmoja anaweza kusimamisha kitu kwa nchi nzima, kisha siku nyingine tunaambiwa hawezi? Swali zuri. Mpaka katikati ya mwaka huu jaji wa wilaya alikuwa anaweza kusema: amri hii isimame kwa kila mtu, kila mahali. Tarehe 27 Juni Mahakama ya Juu, 6 kwa 3, ilisema nguvu hiyo majaji hawana. Jaji amlinde aliyekuja kushitaki. Kesi ilihusu uraia wa watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na karatasi au wenye karatasi za muda. Mawakili wakabadili njia, wakaanza kushitaki kwa niaba ya kundi zima, na tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire akawalinda watoto hao kama kundi. Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Ila sasa ukisikia “mahakama imezuia”, uulize mara moja: imezuia kwa nani? Kama jina lako au kundi lako halimo, hukumu hiyo ni habari tu.

Kwa wafadhili tuna neno moja. Katika mpango wa 2026 komite ilikuwa imeacha mstari wa feza “inayongojwa kutoka kwenye kazi ya 2024 na Januari 2025”. Tumewaomba wauondoe kwenye mapato na kuuweka pembeni, kama deni ambalo tutaendelea kulidai kwa barua kwa shirika lililotupa kazi. Hatuwezi kuahidi minerval ya watoto na mbegu za Machi kwa feza iliyo juu ya ngazi nne. Mpango mtakaoupokea utaonekana mdogo. Ni mdogo kweli, lakini kila mstari una feza iliyo ndani ya sanduku au barua iliyotiwa saini na aliyeahidi.

Kuhusu zile dola 50: kupewa nafasi ya kuhamia nchi ya tatu hakulipiwi. HCR haiuzi fomu, mahakama ya Marekani haiandikishi wakimbizi kwa WhatsApp, na hakuna jaji mwenye orodha Baraka. Mwenye ndugu kambini amwambie asiuze mahindi wala mabati kwa ajili ya habari ya redio, atunze namba ya dosie yake, na aulize kwenye ofisi ya kambi, si kwa mtu wa kati. Waliokwisha kutoa, msione haya. Tutakuwa kwenye ofisi ya chama Jumanne na Alhamisi asubuhi. Leteni ujumbe mliopokea, namba ya simu iliyowaomba feza, na risiti ya kutuma kama ipo. Komite itaziandika zote kwenye daftari moja mbele ya kwenda kwa polisi, maana mtu mmoja mwenye dola 50 hasikilizwi, lakini daftari lenye majina thelathini linasomwa.

Sasa, mama pale nyuma alikuwa ameinua mkono tangu zamani.